Umeshikwa na vepu mjini? Soma hii kabla hujatoa pesa

Watu wengi Nairobi na Mombasa siku hizi wameacha sigara ya kawaida wakaingia kwa vepu, yaani sigara ya kielektroniki, na wengi wao wanaamini kwamba vile haina moto wala majivu basi sheria haiwahusu, mtu anavuta popote, ndani ya matatu, kwa foleni ya benki, kwa ngazi za ofisi, halafu siku kanjo (askari wa kaunti) ama karao (polisi) anamshika bega ndio anashtuka na anaanza kupapasa mfuko hata kabla hajaulizwa jina. Hii nimeiandika kwa ajili ya huyo mtu. Siandiki kukushawishi uvute, nikotini inashika mtu vibaya na kama hujaanza usianze, lakini anayevuta pia ni mwananchi na ana haki zake, na inaniuma kuona vijana wanaporwa mchana kweupe kwa kosa ambalo hata wangeenda kotini wasingelala rumande hata siku moja.

Tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ni ya 2007 na ilianza kutumika 2008. Inakataza kuvuta ndani ya sehemu za kazi na sehemu za umma isipokuwa mahali palipotengwa kwa wavutaji, na orodha yake ni ndefu: ofisi na korido zake, lifti, mahakama, hospitali, hoteli na mikahawa, baa, shule, masoko, maduka makubwa, viwanja vya michezo, nyumba za ibada, vituo vya polisi, matatu, mabasi, treni, feri na ndege. Ukipatikana na hatia faini ni hadi shilingi 50,000 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Shika hiyo miezi 6 kichwani, tutairudia.

Sasa swali ambalo kila mtu anauliza, je vepu imo? Sheria iliandikwa wakati vepu hazijajaa madukani kwetu kwa hivyo inazungumzia bidhaa za tumbaku, ila maana yake ya bidhaa ya tumbaku inabeba pia kitu kilichotolewa kwenye majani ya tumbaku, na nikotini nyingi iliyo kwenye juisi ya vepu inatoka huko huko. Ndio maana 2024 Seneta Catherine Mumma akaleta muswada wa kuirekebisha, ili sigara za kielektroniki na vifuko vya nikotini vitajwe waziwazi. Polisi ana hoja yake, na wakili wako ana hoja yake, lakini hiyo hoja inapiganiwa mbele ya hakimu, haipiganiwi pale steji na watu wamekuzunguka na simu. Usijaribu kumfundisha karao sheria barabarani. Chukulia tu kwamba pale sigara imekatazwa na vepu imekatazwa, utakuwa umejiepushia nusu ya matatizo yote.

Barabarani kwenyewe, hasa katikati ya mji wa Nairobi, anayekushika mara nyingi ni kanjo, na wavutaji wa mji wanajua vizuri kwamba ukisimama kwa kona ukavuta utazolewa, ndio maana kukawekwa sehemu za kuvutia. Ukitaka kuvuta nenda huko, au vuta kwako. Na mwenye hoteli ama duka akikwambia zima au toka nje, toka tu, hapo ni kwake na huna kesi ya kushinda. Mwenye mahali naye anabanwa na hiyo hiyo sheria, kwa hivyo usimuone mbaya.

Haya, umeshikwa.

Cha kwanza toa mkono mfukoni, polepole, na usiingize kifaa kinywani ama kukitupa kwa mtaro. Wengi wanatupa, na hapo anayekuona anajiuliza ni kitu gani hicho ulichokuwa unaficha. Sema kwa heshima, "Afande, naomba kujua nashikwa kwa kosa gani na tunaenda stesheni gani." Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinasema uambiwe mara moja sababu ya kushikwa, kwa lugha unayoielewa, na uambiwe una haki ya kunyamaza. Angalia kifuani. Polisi aliyevaa sare anatakiwa awe na jina au namba yake ya kazi mahali panapoonekana, isome, iweke akilini. Akiwa amevaa kiraia muombe kitambulisho chake cha kazi. Kanjo naye muulize hivyo hivyo.

Kisha nyamaza. Jina lako utataja, kitambulisho utatoa, lakini hadithi za "nilivuta mara moja tu afande" au "si yangu ni ya rafiki yangu" hizo ni kukiri, na Katiba inakulinda usilazimishwe kukiri chochote kitakachotumika dhidi yako. Unaweza kusema, "Sitazungumzia hilo hadi niongee na wakili wangu," na unaongea sauti ya chini, hupigi kelele. Ukimsukuma askari, hata kidogo tu, kesi ya vepu imekufa na nyingine imezaliwa, maana kumshambulia polisi akiwa kazini ni kifungo cha hadi miaka 5, na hapo hata mimi siwezi kukusaidia na makala.

Kupekuliwa je? Ukishashikwa polisi anaweza kukupekua. Mwanamke anapekuliwa na mwanamke mwenzake tu na kwa staha, hiyo iko kwenye sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kifungu cha 27, kwa hivyo dada yangu askari wa kiume akinyoosha mkono kwa mkoba wako ama mwilini, mwambie wazi, "Naomba afande wa kike." Simu ni kitu kingine. Kushikwa na vepu hakumpi mtu ruhusa ya kufungua WhatsApp yako na kusoma, kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya mawasiliano, usitoe paswadi. Kurekodi video ukiwa barabarani sio kosa, ila rekodi ukiwa umetulia, bora rafiki yako akae kando kidogo arekodi kuliko wewe mwenyewe kumuwekea afande simu usoni.

Pesa ndio mtihani wenyewe. Utaambiwa, "Sasa tunafanyaje, ama unataka twende hadi stesheni?" na mariamu, gari la polisi, iko pale imewashwa injini na ni Ijumaa saa mbili usiku. Wanajua unachoogopa ni kulala huko hadi Jumatatu. Kwanza jua kwamba Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayetoa na anayepokea, hadi miaka 10 ndani au faini ya hadi milioni 5, kwa hivyo unatoka kwa kosa dogo unaingia kwa kubwa kwa mkono wako mwenyewe. Pili, jibu ni moja, "Sawa afande, twende stesheni." Liseme bila kiburi. Askari wengi waliokuwa wanatafuta chai wakisikia hivyo wanaona unawachelewesha, wanakuacha na onyo. Na asipokuacha, twende basi, tuone kunaendaje.

Stesheni jambo la kwanza ni OB. Omba kesi yako iandikwe kwenye kitabu cha matukio na upewe namba ya OB, iandike kwa karatasi ama mkononi kama hakuna. Bila OB wewe kisheria hujafika pale, na mtu ambaye hajafika anaweza kuzungushwa usiku kucha ndani ya gari. Vitu vyako vinaandikwa, pesa zinahesabiwa mbele yako, vepu nayo iandikwe ilivyo, rangi, aina, imejaa ama imeisha, na usitie sahihi karatasi ambayo hujaisoma au ambayo ina nafasi wazi. Halafu omba kupiga simu. Una haki ya kuwasiliana na wakili na mtu mwingine yeyote ambaye msaada wake unauhitaji, mama, kaka, mchungaji, imamu, yeyote. Huna wakili? Kituo cha Sheria wamekuwa wakisaidia wasiojiweza tangu miaka ya 1970, na Mombasa kuna MUHURI, shirika la haki za binadamu.

Sasa ile hofu ya Ijumaa. Katiba inasema ufikishwe kotini ndani ya saa 24, na kama saa hizo zinaishia wakati korti imefungwa basi ni hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata, na hapo ndipo watu wanatishwa na Jumatatu. Lakini wanaokutisha hawakwambii kifungu cha 36 cha ile sheria ya mwenendo wa jinai: mkuu wa stesheni akiona haiwezekani ufike kortini ndani ya saa 24, anatakiwa aichunguze kesi yako na kama kosa si zito akuachilie kwa bondi. Kuvuta si kosa zito hata kidogo. Kwa hivyo Ijumaa usiku hiyo sheria inakusimamia wewe. Omba kuonana na OCS, yaani huyo mkuu wa stesheni, au anayeshika zamu yake, mwambie, "Naomba bondi ya polisi, nina makazi yanayojulikana, nitafika kortini siku nitakayoambiwa." Bondi ni bure. Ni kutia sahihi tu. Wakikwambia ulipe dhamana ya pesa taslimu, lipa tu kama unapewa risiti rasmi, kwa sababu hizo pesa ni zako na unarudishiwa kesi ikiisha kama umekuwa ukifika. Hakuna risiti, hakuna dhamana, hiyo ni pesa imepotea.

Na sasa turudi kwa ile miezi 6. Kifungu cha 49(2) cha Katiba kinasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi 6. Soma tena adhabu ya kuvuta hadharani hapo juu. Miezi 6 kamili, haizidi. Maana yake kesi yako ikiwa ni hiyo peke yake, hakuna wa kukupeleka jela ya Industrial Area ama Shimo la Tewa ukangojee kesi kule. Hii ndiyo sentensi ningependa kila anayevuta aiweke kwenye simu yake, kwa sababu biashara yote ya pale barabarani inaendeshwa na watu kutoijua.

Kortini usikimbilie kusema "ni kweli" ili umalize haraka urudi kazini. Kukubali kosa ni kupatikana na hatia, na hiyo inaweza kukutokea siku unaomba cheti cha tabia njema kule DCI, idara ya upelelezi, na kwa mtu anayetafuta kazi ya ulinzi, ualimu ama safari ya Ghuba hicho cheti ndicho kila kitu. Omba usomewe shtaka kwa lugha unayoielewa, omba uone ushahidi, omba muda upate wakili. Kama kweli ulivuta ndani ya matatu na watu walikuona, na umeamua kukubali, basi kabla ya hukumu mwambie hakimu hali yako, kazi yako, wanaokutegemea, na kwamba ni mara ya kwanza. Hiyo 50,000 ni kiwango cha juu, hakimu ana nafasi ya kushuka. Faini lipa kwa njia rasmi ya mahakama, usimpe mtu anayejitolea kukusaidia kwa korido.

Jambo la hatari kuliko yote ni lililo ndani ya kifaa. Kuna juisi zinauzwa zina mafuta ya bangi, na ukishikwa na hiyo haya yote niliyoandika juu ya miezi 6 yanayeyuka, unahesabiwa chini ya sheria ya dawa za kulevya. Usinunue juisi ya chupa isiyo na lebo, usishikie rafiki vepu yake "dakika moja tu". Na kama yako ni nikotini tupu lakini afande anasisitiza ina bangi, sema kwa utulivu unaomba ifungwe kwa bahasha mbele yako, itiwe alama, ipelekwe kwa Mkemia wa Serikali ipimwe. Harufu sio ushahidi wa kutosha, ripoti ya maabara ndiyo inasomwa kotini.

Ulipigwa, uliporwa, ulizungushwa usiku kwenye gari? Nenda hospitali kwanza ukapate karatasi za matibabu, kisha IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, namba yao ya bure ni 1559. Wape jina au namba ya kazi ya askari, namba ya gari, saa, mahali na ile namba ya OB. Ukienda na "kuna karao mmoja alinisumbua huko mjini" hawana pa kuanzia. Andika yote usiku huo huo kabla hujasahau.

Kwa wanaosafiri: Uganda walipiga marufuku uingizaji na uuzaji wa vepu kwa sheria yao ya tumbaku ya 2015, na sigara ya kawaida kwao hairuhusiwi ndani ya mita 50 kutoka sehemu ya umma, kwa hivyo ukivuka Busia ama Malaba iache nyumbani, usijifanye ulikuwa hujui. Kwenye ndege vepu inabebwa kwa mkoba wa mkononi, imezimwa, kamwe sio kwa sanduku linaloenda chini, kwa ajili ya betri, na huichaji wala huivuti hata chooni. Wanaokwenda Ghuba, Imarati waliruhusu vepu kuuzwa 2019 lakini kule Qatar imepigwa marufuku tangu 2014, na haya mambo ya OB, bondi na 49(2) niliyokueleza ni ya Kenya tu, Doha hayakusaidii. Uwe nayo au usiwe nayo, amua ukiwa bado JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi.