Umeshikwa na baridi ukiwa na matairi ya kiangazi? Fanya hivi

Kazi yangu ni kufunga matairi, na kila baridi inapoanza naulizwa swali lilelile: "Fundi, haya bado mapya, meno yamejaa, hayawezi kunivusha msimu huu?" Anayeuliza huwa na gari la mwendo kasi, rimu za inchi 19 au 20, tairi pana lenye ubavu mfupi. Meno yamejaa kweli. Lakini tairi hilo limetengenezwa kwa ajili ya lami yenye joto, na likipoa linaanza kukuangusha hata kabla theluji haijadondoka. Hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu: wanasubiri kuona weupe barabarani, wakati kinachotakiwa kuangaliwa ni kipimajoto.

Tairi hushika barabara kwa sababu mpira wake unalainika na kujipenyeza kwenye mikwaruzo midogo ya lami. Mpira wa tairi la kiangazi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya takriban nyuzi 7 za Selsiasi. Haubadiliki ghafla hapo. Unapungua uwezo kidogo kidogo. Kwa nyuzi 5, barabara ikiwa kavu, utaendesha bila shida ukiwa mtulivu. Kwa nyuzi 2, lami ikiwa na unyevu, gari lilelile linaweza kwenda mbele wakati wewe umekata kona. Kwenye theluji kuna tatizo la pili, nalo ni umbo. Tairi la baridi lina mamia ya mikato myembamba kwenye meno, na mitaro yake hukusanya theluji na kuishikilia, kwa kuwa theluji hushikana vizuri na theluji mwenzake. Tairi la kiangazi lina vipande vikubwa vya mpira vilivyo bapa juu, bila mikato hiyo, na upana wake unalifanya lipande juu ya theluji badala ya kuikata.

Gari lenyewe hukupa dalili. Asubuhi ya baridi, ukitoka kwenye maegesho huku umekata usukani mpaka mwisho, utasikia magurudumu ya mbele yakirukaruka na kukwaruza. Wenye magari huja kwangu wakidhani kuna kitu kimevunjika chini. Mara nyingi ni matairi mapana yaliyokakamaa, yanashindwa kujikunja yanapoburuzwa kwa upande. Dalili nyingine ni usukani kutetemeka kilomita za kwanza, kwa sababu sehemu ya tairi iliyolala chini usiku kucha imebonyea. Mtetemo huo kwa kawaida huisha tairi likipata joto. Usipoisha, njoo ufanyiwe balansi.

Kuna wanaoamini watayapasha moto matairi kwa kuzungusha magurudumu gari likiwa limesimama au kuyumbisha gari kushoto na kulia. Kwenye lami baridi yenye maji, joto hilo hunyonywa na barabara haraka kuliko unavyolitengeneza, na kwenye theluji ndiyo kabisa. Tairi la mashindano lenye mitaro michache ndilo baya kuliko yote, maana linahitaji joto jingi zaidi ili lianze kufanya kazi. Hilo sina ushauri wa kulitumia wakati wa baridi. Liache ndani.

Na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu ni jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Matairi haya ya kiangazi yanaweza kupasuka nyufa yakitumiwa yakiwa yameganda. Baadhi ya watengenezaji wanaonya waziwazi: yakifikia takriban nyuzi 7 chini ya sifuri, usiyaendeshe, usiyasukume, wala usibadilishe upepo wake. Yapelekwe mahali pa joto yapate kurudi taratibu hadi nyuzi 5 au zaidi, kwa saa 24, ndipo yatumiwe. Usiyapulizie hita wala moto. Nyufa hizo hutokea kwenye meno au ubavuni, na dhamana ya mtengenezaji huwa hailipi. Kwa hiyo gari likilala nje usiku wa baridi kali, kabla ya kuondoka pitisha tochi na vidole kwenye meno ya kila tairi. Ukiona ufa, gari lisisogee.

Ukilazimika kuendesha

Sema baridi imekuwahi, uko mbali, na inabidi ufike. Kwanza jiulize kama kweli inabidi. Kusubiri saa chache mpaka magari yanayomwaga chumvi ya kuyeyusha barafu yapite na jua lipande kunaweza kubadilisha barabara yote. Kama barabara ina barafu, jibu langu ni moja: usiende. Lakini kama ni lami kavu au yenye unyevu tu, na joto liko juu ya sifuri, inawezekana.

Anza na upepo. Hewa ikipoa husinyaa: tairi ulilojaza PSI 36 ndani ya gereji yenye nyuzi 20 litasoma karibu PSI 32 likikaa nje kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri. Pima tairi likiwa halijatembea, ujaze kufikia namba iliyoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kama limeganda kiasi nilichosema hapo juu, lipate joto kwanza. Usipunguze upepo ukidhani tairi litashika zaidi. Mchangani ni habari nyingine, lakini kwenye lami ya baridi unafanya usukani uwe mzito kutii na unachakaza kingo za tairi bure.

Halafu mwendo, na huu ndio moyo wa jambo lote. Mshiko ukipungua nusu, umbali wa kusimama unakuwa maradufu. Mwendo ukipungua nusu, umbali unashuka hadi robo. Chukua gari linalosimama kwa mita 12 kutoka kilomita 50 kwa saa kwenye lami kavu. Likikuta barafu inayoacha mshiko wa sehemu moja kati ya nane, litahitaji karibu mita 100. Lingekuwa kwenye kilomita 25, lingesimama kwa mita 25 hivi. Breki haikukupa nafuu hiyo, wala ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki), wala bei ya gari. Ni mguu wako uliotoka kwenye mafuta mapema.

Kila unachofanya kiwe polepole, na kimoja kwa wakati. Maliza kufunga breki kabla ya kona, kata kona bila breki, kisha rudisha mafuta taratibu. Zima hali ya mwendo wa kasi, na kama gari lina hali ya theluji, iwashe. Usitumie kidhibiti mwendo, kile kinachoshikilia kasi moja chenyewe. Gari la gia za mkono liondoe kwa gia ya pili, klachi ikitolewa kwa utulivu. Gari la umeme linalojifunga breki lenyewe ukiondoa mguu kwenye pedali, punguza nguvu ya kujifunga huko, hasa kama linavuta kwa nyuma: magurudumu ya nyuma yakifungwa ghafla kwenye utelezi, mkia unahama.

Madaraja huganda kabla ya barabara nyingine, kwa sababu upepo unayapoza juu na chini. Kivuli cha miti na cha ukuta mrefu huficha barafu hata saa sita mchana. Na jihadhari zaidi joto likiwa karibu na sifuri: barafu inayoanza kuyeyuka ina utando wa maji juu yake, na inateleza kuliko iliyoganda kabisa. Kwenye mlima, acha wa mbele afike juu kabla hujaanza kupanda, ili usilazimike kusimama katikati. Kama huoni utakavyoushuka mlima huo, usiupande.

Wenye magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne wananipa wasiwasi kuliko wengine. Gari linaondoka vizuri, dereva anapata imani, halafu anakuta kona. Kuvuta kwa manne kunasaidia kuondoka. Kusimama na kukata kona ni kazi ya mpira unaogusa chini.

Ukianza kuteleza, ondoa mguu kwenye mafuta na elekeza usukani unakotaka kwenda. Ikibidi kusimama na gari lina ABS, kanyaga breki kwa nguvu na ushikilie, hata pedali ikitetemeka. Ukikwama kwenye theluji, zima kwa muda kidhibiti cha kuteleza, sogeza gari mbele na nyuma kwa mafuta kidogo, kisha ukiwashe tena ukishatoka.

Minyororo ya theluji husaidia, ila soma kitabu cha gari kwanza. Kwenye rimu kubwa nafasi kati ya tairi na breki huwa finyu, na magari mengi ya mwendo hayaruhusiwi kufungwa minyororo kwenye saizi hiyo. Inafungwa kwenye magurudumu yanayovuta, mwendo usizidi kilomita 50, na unaitoa ukifika kwenye lami tupu. Soksi za kitambaa za tairi huchukua nafasi ndogo, lakini huchakaa upesi kwenye lami.

Dawa yenyewe

Funga matairi manne ya baridi. Mawili hayatoshi, nami nakataa kuyafunga hivyo. Ukiweka ya baridi mbele tu, mbele itashika, nyuma itakuzunguka kwenye kona au ukifunga breki.

Tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Tairi lenye alama hiyo limepita jaribio la theluji. Herufi M+S (matope na theluji) peke yake ni tamko la mtengenezaji, na Ujerumani haiitambui tena kama tairi la baridi tangu tarehe 1 Oktoba 2024. Angalia na kina cha meno: Austria tairi la kawaida la baridi likishuka chini ya milimita 4 halihesabiwi, na mimi naona kipimo hicho kinafaa popote penye theluji.

Kama gari lako linaruhusu, shuka rimu: kutoka 19 hadi 18 au 17, tairi jembamba kidogo lenye ubavu mrefu. Linakata theluji vizuri zaidi na linavumilia mashimo. Lijaribishe rimu kwanza bila tairi, maana kalipa kubwa za breki (vishikio vya pedi) hazikubali kila rimu ndogo.

Yale ya kiangazi yaoshe, yakaushe, andika kwa chaki kila moja lilikotoka. Yaliyo kwenye rimu yalaze moja juu ya jingine. Yasiyo na rimu yasimamishe. Chumba kiwe kikavu, chenye giza, kisichoganda. Wakati wa kuyarudisha, tazama joto la asubuhi unapoondoka nyumbani, si la mchana; likikaa juu ya nyuzi 7 kwa wiki nzima, leta gari. Na ukishafungiwa, tembea kilomita 50 hadi 100 kisha kaza nati tena kwa spana ya kipimo.