Kabla ya Kuiuzia Sangara Kampuni ya Kigeni: Jua Unamdai Nani

Viwanda vya minofu vilianza kusimama Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mtaji wake huhama mikono huku jina la getini likibaki lile lile. Kwa wakala anayekusanya sangara Kirumba au Igombe na kupeleka kiwandani kwa mali kauli (unatoa mzigo sasa, unalipwa baadaye), bei ya kilo ni swali la pili. La kwanza: nani anadaiwa?

Omba nakala ya cheti cha usajili wa kampuni, kisha itafute kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, na ulipie taarifa za wanahisa na wakurugenzi. Ikiwa ni tawi la kampuni ya nje, kisheria ni kampuni mama yenyewe, na deni lako ni lake. Ikiwa ni kampuni tanzu iliyosajiliwa hapa, inasimama peke yake: ikifilisika, kampuni mama iliyoko, tuseme, Uholanzi hailazimiki kukulipa hata senti, nembo iwe moja au la. Wengi huumia hapo. Dai dhamana ya maandishi ya kampuni mama au ya benki. Ukikataliwa, chukua sehemu ya fedha kabla ya kushusha mzigo. Ahadi ya meneja kwa simu si dhamana.

Bei iandikwe kwa shilingi, maana kanuni za 2025 zinakataza kufanya biashara ya ndani kwa fedha za kigeni. Kwa kuwa mnunuzi wako anauza nje kwa dola, weka kifungu cha kupitia bei kila mwezi.

Kwenye mzani, taja mzani upi unahesabika na kwamba barafu haipimwi. Mzigo ukikataliwa, sababu iandikwe siku hiyo hiyo getini, si baada ya minofu kufika Ulaya. Nawe timiza upande wako: sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi, na kwa safari ndefu kadiria kilo moja ya barafu kwa kilo ya samaki. Ikipungua, daraja la samaki hushuka na huna pa kulalamikia.

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha kununua samaki wa Ziwa Victoria. Kwa hiyo mkataba useme: soko likifungwa, mzigo uliokwisha kupokelewa unalipwa.

Kifungu cha kupeleka mgogoro London kikatae. Wakili wa huko atakula faida yote ya msimu. Ukishasaini, uliza kama mkataba wako unatozwa ushuru wa stempu; ukitozwa, ulipie ndani ya siku 30, la sivyo mahakama haitaupokea mkataba kama ushahidi mpaka ulipe pamoja na faini.