Somo: Kubadilisha mshipi wa rili kabla sangara hajaukata

Sangara akikata mshipi karibu na mawe, wengi tunasema alikuwa mkubwa mno. Mara nyingi samaki ni wa kawaida, ila mshipi ndio ulikuwa umechoka. Nailoni inayoshinda juani ndani ya mtumbwi hukakamaa na kupungua nguvu, na mita chache za mbele, zinazosugua miamba, ndizo huanza kuisha. Somo hili ni la rili (kifaa cha kukunjia mshipi kwenye fimbo) ile ambayo spuli yake, yaani sehemu mshipi unapozungushiwa, imetulia na waya wa kuelekeza mshipi ndio unaozunguka.

Kuchagua. Nailoni ya uzi mmoja inanyumbulika, inashika fundo vizuri na bei yake ni nafuu, na anayeanza namshauri aanzie hapo. Mshipi wa kusukwa ni mwembamba kwa nguvu ileile na hauvutiki, kwa hiyo hata mguso mdogo wa samaki aliye kwenye kina unausikia mkononi. Lakini ukigusa ukingo wa jiwe huku umekazwa, unakatika upesi, na Mwanza ni mji wa mawe. Ukiutumia, funga mbele yake nailoni nene ya mita moja na nusu au mbili. Kinywa cha sangara kimejaa vijino vinavyokwaruza kama msasa, na mifuniko ya mashavu yake ina miiba. Nailoni hiyo nene ndiyo inayostahimili.

Kwa sato, mshipi wa nguvu ya kilo 3 hadi 5 unatosha. Kwa sangara ukiwa ufukweni, chukua kilo 10 hadi 15, na ukimvua kwa kukokota chambo nyuma ya boti, 20 na zaidi. Soma pia ubavuni mwa rili, mara nyingi pameandikwa unene na urefu wa mshipi unaoingia.

Hatua ya 1. Toa mshipi wa zamani, kisha pitisha pamba kwenye ukingo wa spuli. Pamba ikinasa, pana mkwaruzo, na utaula mshipi mpya.

Hatua ya 2. Pitisha mshipi mpya kwenye pete ya fimbo iliyo karibu na rili. Fungua waya wa rili kabla ya kufunga fundo, maana ukisahau utalifungua fundo na kuanza upya. Zungusha ncha kwenye spuli, ifunge kwenye mshipi mrefu, weka kifundo kingine kwenye ncha yenyewe, kisha vuta mpaka vifundo vikutane. Kama mshipi ni wa kusukwa, tanguliza tabaka la nailoni chini, la sivyo utateleza kwenye spuli na mzigo wote utazunguka bure.

Hatua ya 3. Hapa tulia, kwa sababu wengi wanaharibikiwa hapa. Laza spuli ya dukani sakafuni. Bana mshipi kwa kitambaa chenye maji, zungusha mkono wa rili kama mara 15, simama, kisha ulegeze. Ukijisokota, igeuze spuli ya dukani upande wa pili na uendelee. Rili ya namna hii hutia msokoto kila waya unapozunguka. Mshipi ukitoka upande unaofaa, misokoto inafutana. Ukitoka upande usiofaa, inajumlishana, na siku ya upepo unaporusha, mshipi unatoka kwa mafundo. Usiache kubana mpaka mwisho, maana mshipi uliolala kwa ulegevu hujichimbia katikati ya mwingine.

Hatua ya 4. Jaza mpaka zibaki milimita 2 au 3 kufikia ukingo. Ukizidisha, mizunguko inaporomoka. Ukipunguza, hurushi mbali.

Hatua ya 5. Pima breki ya rili, ile inayoachia mshipi samaki akivuta, kwa mizani ya samaki. Mshipi wa kilo 12 uanze kuachia kati ya kilo 3 na 4.

Mshipi wa zamani ukatekate vipande vifupi, urudi nao nyumbani. Tafadhali usiutupe ziwani, unafunga miguu ya ndege kama mnandi na kujizungusha kwenye pangaboi.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Igombe: Shikamoo fundi. Nibadilishe kila baada ya muda gani?

Marahaba. Usihesabu miezi. Pitisha ukucha kwenye mita za mbele kila ukirudi, ukihisi mkwaruzo kata hapo. Nailoni yote ikiwa imepauka, au fundo linakatika kwa kuvuta kidogo tu, badilisha.

Mwanachama, Ukerewe: Kaka, hela ya mshipi mpya sina kwa sasa. Nifanyeje?

Ugeuze, dada. Sehemu ya ndani haijaona jua wala mawe. Uhamishie kwenye chupa, kutoka hapo kwenye chupa ya pili, ndipo urudi kwenye rili. Chupa moja haitoshi, itakurudishia mpangilio uleule wa zamani.

Mwanachama, Kirumba: Wa kusukwa na nailoni nene naviungaje? Fundo langu linafyatuka kila mara.

Laza ncha mbili zikipishana. Kila ncha itengenezee kitanzi, kisha izungushe ndani ya kitanzi chake ikiukumbatia na mshipi wa mwenzake: nailoni mara 4, wa kusukwa mara 8 kwa kuwa unateleza. Loanisha kwa mate, kaza kila fundo taratibu, ndipo uyavute yakutane. Ukikaza kavukavu, msuguano unatoa joto na nailoni inadhoofika palepale kwenye fundo, na nadhani ndiko linakofyatukia lako. Kabla ya kurusha, livute kwa nguvu ukiwa umezungushia kitambaa mkononi.