Meru ndani ya maji ya Duluti: vua polaraiza kwanza

Ukienda Ziwa Duluti pale Tengeru, karibu na Arusha, kupiga picha Mlima Meru na taswira yake majini, uwe ufukweni saa kumi na mbili asubuhi. Mlima uko kaskazini, umeelemea kidogo magharibi, kwa hiyo jua likichomoza linaupiga kutoka ubavuni, na upepo bado umelala.

Kinachoharibu picha nyingi ni filta ya polaraiza iliyosahaulika kwenye lenzi. Kazi yake ni kukata mng'ao wa maji, na taswira yenyewe ni mng'ao huohuo! Ukiyatazama maji kwa pembe ya nyuzi 37 hivi kutoka usawa wake, ndipo inapofuta zaidi. Ivue, au izungushe taratibu mpaka mlima urudi majini.

Fokasi nayo ina mtego. Mlima wa majini uko mbali sawa na mlima wenyewe, hata kama maji yanakulowesha viatu. Ukilenga jani linaloelea mita moja mbele yako, mlima unatoka na ukungu. Ukivitaka vyote viwili, tumia lenzi ya 24 mm kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi kikubwa), tundu la lenzi likiwa f/11, na ulenge mita 2.

Shusha stendi usawa wa magoti, maana maji huakisi zaidi yakitazamwa kwa mshazari. Chini zaidi ya hapo majani ya ufukweni yatakuziba.

Wakati wa kuhariri, hata kwenye simu, iache taswira iwe na giza kidogo kuliko mlima. Maji yanayong'aa kupita anga yanajisema yenyewe kuwa yamechezewa.