Kabla ya kuloweka mashuka Dodoma

Nilipohamia Dodoma kutoka Tanga nilijua kazi ya kuanika imeniishia. Kule pwani, siku za mvua, shuka zito lililala kambani hadi kesho yake na bado likaingia kabatini na harufu ya unyevu. Huku hewa kavu na jua tele. Mwezi wa 9, wiki yangu ya kwanza Nkuhungu, nikaanika shuka jeupe saa 6 mchana, nikaenda sokoni. Niliporudi lilikuwa limekauka kama karatasi, na limegeuka rangi ya udongo wa barabarani. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia huku mwaka 2016 watu wengi wamekuja na mazoea ya kwao kama mimi, kwa hiyo naandika nilichojifunza. Dodoma kukausha hakuna taabu. Taabu ni maji, vumbi na upepo, na yote matatu yanataka kupangiwa kabla shuka halijalowa.

Maji kwanza. Sehemu kubwa ya maji ya bomba mjini hutoka kwenye visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, na yana chumvichumvi. Ni maji magumu, yenye madini ya kalisi na magnesi. Sabuni ya mche ikikutana nayo povu haliji upesi. Badala yake unapatikana utando mweupe unaong'ang'ania kwenye nyuzi. Shuka linafuliwa kila wiki na kila wiki linazidi kuwa la kijivu, na ukilipapasa linakwaruza. Wengi hapo huongeza sabuni, na utando unaongezeka. Mimi mashuka nimehamia sabuni ya unga, ambayo hustahimili maji haya vizuri zaidi, na nasuuza mara tatu. Maji ya mwisho naweka nusu kikombe cha siki nyeupe kwa ndoo ya lita 20. Harufu yake inaisha shuka likikauka, na kitambaa kinabaki laini. Ila siku ya siki isiwe siku ya jiki. Jiki ikichanganyika na siki, limao au dawa ya kusafishia choo hutoa gesi inayoumiza mapafu, na chumba cha kufulia kwa kawaida ni kidogo.

Basi kabla ya kuloweka, funua simtenki utazame. Jozi moja ya 6 kwa 6 na foronya zake kwangu inamaliza ndoo nne hadi tano. Kama mgao umekatika na ziko mbili tu, ahirisha. Shuka lililosuuzwa nusunusu linakauka na sabuni yake, na vumbi linalinata zaidi kuliko hata lingekuwa halijafuliwa.

Kisha kamba. Ipanguse kwa kitambaa kibichi, urefu wote, kila mara. Vumbi lililokaa juu ya kamba ndilo linaloacha ule mstari wa kahawia katikati ya shuka jeupe. Waya wa chuma uache, maana kutu yake haitoki kwa sabuni (ikishaingia, jaribu limao na chumvi, uanike juani, usuuze). Upepo wa huku mara nyingi hutoka mashariki, kwa hiyo ukipata nafasi funga kamba ielekee mashariki na magharibi. Upepo utapita ubavuni mwa shuka. Ukiifunga kuukingama, shuka linakuwa tanga la jahazi, na mzigo wote unabebwa na vibanio na pindo. La kwangu moja lilichomoka hivyo likaangukia ua wa miiba kwa jirani, na kulinasua kulilichana kuliko upepo wenyewe. Siku hizi nalikunja nusu juu ya kamba, vibanio vitano, na nahakikisha ncha ya chini haifiki kwenye udongo.

Saa nazo zina maana. Kuanzia Mei hadi Novemba naloweka usiku, nafua alfajiri, na saa 1 asubuhi shuka liko kambani. Kufika saa 4 limekauka, nalianua kabla upepo haujakolea na visulisuli havijaanza kuzunguka viwanjani. Usiliache hadi jioni eti lipate jua la kutosha. Jua la mchana kutwa hufubaza rangi na kulegeza nyuzi. Ya rangi geuza ndani nje.

Msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili, vumbi linatulia na wasiwasi unahamia kwingine. Yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au kutandazwa chini, na funza wake hupenya ngozi ya mtu na kuleta jipu. Usitandaze shuka juu ya majani. Likikauka lipige pasi ya moto pande zote mbili, hasa pindo, na la mtoto usiliruke kamwe.

Chandarua chenye dawa kisiingie kwenye ratiba hii ya jua. Kianike kivulini, kwa sababu jua huharibu dawa yake.

Kabla ya kukunja, bana pindo na lastiki kwa vidole. Hapo ndipo unyevu hujificha shuka zima likionekana kavu. Liache lipoe, kunja jozi yote uitumbukize ndani ya foronya yake moja, na juu ya rundo tandika kanga kuukuu ya kupokea vumbi linalopenya mlangoni mwa kabati. Nyumba yenye kichanga, vidonge vya naftalini visikae na mashuka wala nguo zake. Kwa watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, naftalini huvunja chembe nyekundu za damu na kuleta manjano kali, na mama hawezi kumjua mtoto huyo kwa kumtazama.