Kupanga kompresa ya bendi tatu kwenye kinanda cha harusi

Kinanda kinaweza kulia vizuri kwenye hedifoni, kikafika ukumbini kikawa besi tupu. Fidla hazisikiki, tashkota (ala ya nyuzi yenye vibonyezo) inazama kila dumbaki (ngoma ya mkono) ikipigwa, na bibi harusi bado hajaingia. Wengi hapo hupandisha voliumu, na mambo huzidi kuharibika.

Dawa ni kompresa ya bendi tatu. Kompresa hushusha sauti inapovuka kiwango ulichoweka. Ya kawaida huipima sauti yote kwa pamoja. Besi ndiyo yenye nguvu kubwa, kwa hiyo mdundo mmoja mzito ukivuka kiwango, kompresa hushusha kila kitu, fidla nazo zikiwemo. Ya bendi tatu hugawa sauti kwanza kwa mafungu (bendi) ya chini, kati na juu, kisha kila fungu hushushwa kivyake. Mipaka hutofautiana kwa kinanda, lakini kwa makadirio chini ya 200 Hz (mitetemo kwa sekunde) utakuta besi, kiki na vumi (ngoma nzito); kati ya 200 Hz na 4 kHz wako mwimbaji, fidla, akodioni na tashkota; juu ya hapo ni njuga za tari, hi-hati na ule ukali wa vidole kwenye ngozi ya dumbaki.

Kwenye Yamaha kama PSR-S970 au Tyros5 ukurasa wake uko ndani ya Mixing Console, sehemu ya CMP. Kwenye Korg za Pa itafute kati ya efekti, kwa jina Stereo Multiband Limiter. Vinanda vidogo vingi havina kabisa, na hapo fanya kazi kwa EQ tu, yaani vitufe vya kupandisha au kushusha besi, kati na juu.

Usianze na kompresa. Izime, rudisha EQ kwenye sifuri, punguza rivabu (mwangwi), halafu sawazisha viwango vya besi, ngoma, kodi (noti zinazolia pamoja) na mkono wa kulia mpaka wimbo usikike sawa bila msaada. Sababu ni kwamba viwango hivi kwa kawaida huingia kabla ya kompresa: ukija kupandisha besi baadaye, umebadilisha pia jinsi kompresa inavyofanya kazi. Kitufe kikuu cha voliumu huwa kiko baada yake, kwa hiyo hicho hakivurugi kitu. Kwenye mikisa, weka geini (nguvu ya sauti inayoingia) ya laini ya kinanda mpaka taa nyekundu isiwake hata sehemu yenye vyombo vyote.

Sasa washa. Cheza sehemu nzito kuliko zote ikijirudia, chakacha (mdundo wa harusi wa Pwani) yenye ngoma kamili inafaa. Anza na bendi ya chini, maana ndiyo yenye makosa mengi. Resho (kiasi cha kubana) iwe 3:1, ataki (muda wa kuanza kushusha) 30 ms, yaani milisekunde, rilizi (muda wa kuachia) 200 ms. Teremsha threshodi (kiwango kikivukwa kompresa huanza kushusha) polepole kutoka juu mpaka mita ya upunguzaji ionyeshe desibeli (dB) 3 au 4 kwenye midundo mikubwa, na irudi sifuri kabla ya mdundo unaofuata. Ikiwa hairudi, umeteremsha mno au rilizi ni ndefu.

Hesabu yenyewe ni hivi: threshodi ikiwa -20 dB na resho 4:1, sauti ya -12 dB imezidi kwa 8. Hizo 8 hugeuka 2, sauti inatoka -18 dB, yaani imepungua desibeli 6. Kwa muziki wa harusi hizo ni nyingi.

Ataki ya besi isiwe fupi. Wimbi la 50 Hz huchukua 20 ms kukamilika. Kompresa yenye ataki ya 2 ms na rilizi fupi hushika na kuachia ndani ya wimbi hilohilo, na unachosikia ni mkwaruzo ambao watu hudhani spika imepasuka.

Bendi ya kati: 2:1, ataki 15 ms, rilizi 120 ms, upunguzaji usizidi 2 dB. Ya juu: 2:1, ataki 8 ms, rilizi 70 ms, upunguzaji 1 hadi 2 dB. Dumbaki ikibaki «dum» bila «tak», ataki ya bendi hizi mbili ni fupi, iongeze.

Kinanda kisichokuruhusu kugusa ataki na rilizi hukupa aina zilizopangwa tayari, threshodi ya jumla na geini ya kila bendi (kiasi cha kuipandisha au kuishusha). Chagua aina iliyo laini. Ile inayovuma kuliko zote ndiyo itakayokuchosha masikio kabla ya saa nne usiku.

Geini za bendi huja mwisho. Zima na uwashe kompresa mara kadhaa: ikiwa ikiwashwa sauti ni kubwa zaidi, punguza geini mpaka zilingane, ndipo uamue. Sikio hupenda chenye sauti kubwa hata kama ni kibaya.

Sauti ikipanda na kushuka kama mtu anayehema, rilizi ya chini ni fupi au threshodi iko chini mno. Mvumo wa «shhh» kati ya nyimbo ni geini ya juu iliyozidi. Maikrofoni iliyochomekwa kwenye kinanda ikianza kupiga filimbi kompresa ikiwashwa, nayo inapitia humo. Ihamishie kwenye mikisa. Lakini mkwaruzo unaosikika ukizungusha kitufe cha voliumu kwa kawaida ni vumbi au chumvi ya bahari imeingia ndani, kompresa haina kosa.

Jioni ukumbi ukiwa mtupu, wenye vigae na kuta wazi, sauti za juu hurukaruka. Watu wakijaa, nguo na miili huzimeza, kwa hiyo acha nafasi ya kupandisha geini ya juu kwa 1 dB baadaye. Shughuli ikiwa nje, barabarani Mji wa Kale, Mombasa, kwa mfano, besi hutawanyika. Usiongeze geini ya chini kupita 2 dB, amplifaya itafika kikomo. Sogeza spika ya besi ikaribiane na ukuta, itapata nguvu ya bure.

Ukimaliza, hifadhi kama User (sehemu ya mipangilio yako mwenyewe) kwa jina la ukumbi. Usidhani rejistresheni (kumbukumbu ya mipangilio ya wimbo) imeubeba mpangilio huu. Zima kinanda, kiwashe tena, na uingie ukurasa wa kompresa uhakikishe namba ni zilezile.