Mgahawa unajaa lakini hela huioni? Anza na kupakua

Nina mgahawa Gerezani, Kariakoo, katikati ya mafundi magari na wauza vipuri. Wanaoanza biashara hii huniuliza namna ya kupata wateja. Wateja wa mchana wapo, wali ukiwa mzuri watakuja. Hela inapotelea jikoni, na huko ndiko pa kuanzia.

Pika kilo moja ya mchele peke yake, pakua, hesabu sahani. Mimi napata sita. Mchele ukiwa 3,000 kwa kilo, kila sahani ina wali wa 500. Mpakuaji akijaza mpaka kilo ikatoa sahani tano, kwenye kilo 20 umeshapoteza sahani 20. Kwa bei ya 2,000 ni 40,000 kwa siku, na faida yote imeishia hapo. Kwa hiyo kwangu hakuna kukisia: kuna bakuli moja la plastiki, linajazwa, linasawazishwa kwa mwiko, linapinduliwa kwenye sahani. Fundi aliyetoka kushusha injini ana njaa ya kweli, na sitaki aondoke hajashiba, kwa hiyo nusu bakuli ya kuongeza namuuzia kwa bei nafuu. Lakini analipia.

Ukienda Tandale kununua mchele, uliza ni wa msimu gani. Mchele mpya unanukia, ila haujai sufuriani kama uliokaa miezi kadhaa, na ukizidisha maji kidogo tu unakuwa bokoboko. Chukua kilo moja ya kujaribia kabla hujalipia gunia.

Usibandike sufuria moja kubwa. Ya kwanza iwe tayari saa sita, ya pili ibandike ukishaona watu wanavyoingia. Mvua ikinyesha mafundi wa nje hawana kazi, basi hiyo ya pili iache kabisa. Wali uliolala bila friji usimuuzie mtu, utamuumiza. Maharage loweka tangu usiku, utaokoa gesi.

Kukopesha hakukwepeki, maana fundi naye hulipwa gari likitoka. Weka kikomo. Kwangu ni sahani tatu. Naandika jina na tarehe mbele yake, naye anaona. Ya nne hapewi, hata awe shemeji. Deni likiwa kubwa mtu huona aibu, anapita kichochoro kingine, nawe umekosa hela na mteja kwa pamoja.

Mwezi wa Ramadhani mchana unapoa, hamishia nguvu kwenye futari: uji, tambi, mihogo ya nazi.

Jioni, kabla ya posho za wasaidizi na kabla ya kitu chochote cha nyumbani, toa kwanza hela ya soko la kesho na uifunge kando. Na watoto wako wakija kula, sahani zao ziandikwe daftarini pia.